Gari la Mtumbwi na Bega la Shemeji

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena na ninyi mliokaa kule nyuma, maana sauti yangu ni ya mtu wa mtoni, nimezoea kuita ng'ambo na bado watu husema hawakusikia. Katekista ameniruhusu niseme machache kabla hatujatawanyika. Mnanijua. Mimi ni Antoni, mchonga mitumbwi wa Kivukoni, na wengi wenu mmevuka mto huu mkiwa mmekalia kazi ya mikono yangu. Leo nitasema habari za mtumbwi mmoja tu, ule niliouwekea magurudumu. Ulimfikisha mke wangu kwenye dawa, na mimi ukanifikisha mahali ambapo sikutaka kufika.

Ndugu zangu, nilikuwa mtu wa chuki. Nasema mbele yenu bila kuficha.

Tulikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Magungu. Alikuwa kijana mkubwa, tumekwisha kumposea mchumba. Vilipokuja vita vya Maji, aliyeyaleta yale maji ya dawa nyumbani kwangu hakuwa mgeni. Alikuwa shemeji yangu Mkopi, kaka wa mke wangu, mjomba wa mtoto. Alimnyunyizia kwa mkono wake, akamfunga mabua ya mtama shingoni, akamwambia risasi za Wadachi zitageuka maji. Mjomba akisema, mpwa afanye nini? Wakaenda pamoja kwenye boma la Mahenge. Mkopi alirudi. Magungu hakurudi.

Sikuuliza alikufaje. Niliapa tu kwamba Mkopi hatakanyaga uwanja wangu. Sasa mnajua desturi yetu, mtu akipiga hodi mara tatu asijibiwe, huondoka. Mkopi alikuwa akitoka Kisawasawa alikokimbilia, anatembea siku mbili, anasimama nje ya uzio wangu na kupiga hodi. Mimi nachukua tezo langu napiga gogo. Yeye hodi, mimi tezo. Akijaribu kusema neno, napiga kwa nguvu zaidi. Mke wangu alikuwa akilia ndani, naye pia nikajifanya simsikii. Nilijiona mwanamume kweli. Miaka miwili nilifanya hivyo, na gogo halikosekani kwa mchonga mitumbwi.

Lakini nirudi kwa mke wangu, maana habari hii ni yake. Wakati askari walipochoma vijiji na mashamba, sisi tulijificha kwenye matete katikati ya bonde. Siku moja alikanyaga vibaya, tete lililoungua likamchoma chini ya goti. Kidonda kidogo tu. Kisha ikaja njaa, na mwili wenye njaa hauponyi kitu. Kidonda kikawa donda ndugu, kikala nyama, kikaanza kuonyesha mfupa. Mwaka wa pili hakuweza kusimama. Kila asubuhi nilimbeba mgongoni kumtoa nje apate jua, na wepesi wake ulinitisha. Nilimkanda kwa maji ya moto yenye chumvi, kwa mkono huu uliozoea shoka. Yeye ndiye aliyenipa moyo. "Baba Magungu," alikuwa akisema, "mimi si gogo la mninga. Osha taratibu."

Hapo tukasikia kwamba kule juu Mahenge, kwenye misheni, yuko bruda anayetibu vidonda. Lakini nimfikishaje? Mtumbwi unavuka mto, haupandi mlima. Kumbeba kwa machela kulitaka wanaume wanne au sita wenye nguvu, na wanaume waliobaki hapa kwetu walikuwa hawawezi kubeba hata jembe. Nikakumbuka kitu nilichokiona Kilosa, siku nilipokamatwa kupeleka mizigo ya serikali. Niliona gari la kukokotwa na ng'ombe. Nililizunguka mara mbili nikalitazama chini na juu, mpaka askari akanifukuza kwa kiboko. Nikajiambia, kama kuna mtu alilitengeneza lile, na mimi nina mikono.

Nikaanza, hapo hapo uwanjani kwangu. Sijui kutengeneza sanduku, najua kuchonga mtumbwi, basi nikachukua mtumbwi wangu wa zamani uliopasuka tezi, ile sehemu ya nyuma, nikaukata katikati, nikauziba nyuma kwa ubao. Ndani nikatandika nyasi laini na mkeka. Magurudumu ya kwanza niliyakata kwenye gogo la mvule, duara zima, kama unavyokata kigoda. Yalipendeza siku nne. Siku ya tano jua likayapasua, na jirani zangu wakapata la kuongea. Walinitania sana. "Mchonga mitumbwi anataka kuvua samaki nchi kavu," walisema. Niliunga mbao upya, hizi zikilala hivi na hizi zikilala vile, nikazipigilia vigingi vya mti mgumu. Nikayafanya mapana, ili yasizame kwenye tope la mpunga wala yasinaswe kwenye nyayo za tembo, zile zinazokauka zikawa mashimo. Mti wa kati unaoshika magurudumu nikaupaka mafuta ya kiboko. Na kila kitu nilikifunga kwa vigingi vya kuchomoa, ili tukifika mtoni nitoe magurudumu, mtumbwi uelee, tukifika ng'ambo niyarudishe. Mke wangu alikuwa akinitazama kutoka mlangoni. Jioni moja alicheka, kicheko cha kwanza tangu vita, na mimi nikajifanya natafuta kigingi chini ili asione uso wangu.

Gari likawa tayari. Wa kuvuta je? Mwenye duka wa hapa Ifakara, Mwislamu wa pwani, mtu mwema, alikuwa na ng'ombe dume mmoja aliyeletwa kutoka milimani kwa ajili ya Idi. Nikampa mtumbwi mpya, akanipa ng'ombe. Lakini alinionya. "Mzee, huyu ni wa kitoweo, si wa kazi. Bonde hili lina mbung'o. Mlete tumchinje angali na nyama." Ndugu zangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ni mtu wa mto, namjua kiboko kuliko ninavyomjua ng'ombe. Nikamfunga karibu na kichaka penye kivuli, nikidhani namtunza, kumbe kivulini ndiko mbung'o walikokaa. Nilimchongea nira nzuri na mti mmoja wa kuvutia, nikamfundisha kuvuta gari tupu. Wiki ya tatu manyoya yakasimama, macho yakatoa machozi, akalala akiwa na nira yake shingoni, asiinuke tena. Nikakaa chini karibu naye. Nilijua sikumpoteza ng'ombe tu, maana homa ya mke wangu ilikuwa imeanza kupanda.

Siku ya pili nikasikia hodi. Alikuwa Mkopi nje ya uzio. "Shemeji," alisema, "nimesikia njiani kwamba ng'ombe amekufa. Mimi bado nina mabega." Nikachukua tezo, nikapiga gogo. Lakini safari hii mke wangu alisema kutoka ndani, wala hakupaza sauti: "Kama humtaki yeye, basi nivute wewe peke yako. Lakini nivute leo."

Nikamvuta mimi. Nilimweka ndani ya gari, nikajitia kwenye ule mti mmoja wa nira, nikaondoka na kiburi changu kifuani. Mto hata sikuufikia! Kwenye mashamba ya mpunga, gurudumu la kushoto likaingia kwenye tope mpaka katikati. Nikavuta, nikateleza, nikaanguka kifudifudi. Wakati ule nilikuwa sijabatizwa, nilimjua Mungu kwa kusikia tu. Nikasema nikiwa bado nimelala matopeni: Mungu, kama upo, nipe wa kuvuta. Nikainua kichwa. Mkopi alikuwa amekwisha ingia kwenye tope nyuma ya gari, anasukuma, wala hakuniangalia. Gari likatoka. Ndugu zangu, nilimwomba Mungu mtu, na mtu alikuwa nyuma yangu, ila nilitaka mwingine.

Turudi nyumbani, nikasema. Sikumwambia yeye, niliiambia njia. Lakini aliingia uwanjani na sikumfukuza.

Mti ule wa ng'ombe haufai kwa mtu. Ng'ombe husukuma kwa shingo, mtu huvuta kwa kifua na bega. Ilibidi niung'oe, niweke miti miwili pembeni, na ukanda mpana wa ngozi ya kiboko wa kupita mwilini. Na ukanda hauwezi kukatwa bila kupima mwili wa atakayeuvaa. Nikamwambia neno la kwanza kwa miaka miwili: "Vua shuka." Akasita, kisha akavua. Mimi hupima kwa shubiri, kiganja juu ya kitu chenyewe. Nikaweka mkono wangu mgongoni kwa mtu niliyemchukia, nikaanza kuhesabu shubiri. Kwenye bega la kushoto kidole changu kikaingia shimoni. Nyuma palikuwa na kovu dogo kama punje ya hindi. Mbele ya bega hilo, kovu lilikuwa pana kama kiganja cha mtoto.

"Nini hii?"

"Risasi."

"Imekupiga kwa nyuma. Ulikuwa unakimbia."

"Nilikuwa nimembeba," akasema Mkopi.

Tezo lilikuwa chini, hapakuwa na kelele yoyote pale uwanjani, na yeye akaendelea, polepole, kama mtu anayeogopa kukatizwa. "Alianguka karibu nami mbele ya boma, lakini alikuwa hai. Nikamweka kwenye bega hili la kulia, wakanipiga hili jingine. Nilishuka naye mlima. Kule chini aliomba maji ya kunywa. Nikamtekea ya kijito, akanywa kidogo, akakata roho. Nimemzika hapo, kabla njia haijaanza kupanda. Niliweka mawe matatu. Kila nilipopiga hodi hapa, nilikuja kuwaambia hilo."

Mke wangu alikuwa bado ndani ya gari. Akasema, "Kaka, sema tena. Sema taratibu." Mkopi akasema tena, yote tangu mwanzo.

Ndugu zangu, miaka miwili nilidhani mtoto wangu aliliwa na fisi. Miaka miwili mke wangu alilala na fikra hiyo, anaamka nayo, na habari ya kaburi ilikuwa inasimama nje ya uzio wangu kila mara inanyamazishwa na mimi. Mimi ndiye niliyemnyima kaburi la mwanawe. Nililia pale kwa sauti, mtu mzima, nikamshika Mkopi miguu. Naye akasema, "Inuka, shemeji. Pima ukanda. Dada anaungua homa."

Nikapima. Nikapitisha ukanda kifuani na bega la kulia, ili kovu lisiguswe. Nikaongeza nafasi kati ya miti miwili, nikakata ukanda wa pili, wangu. Kesho yake tukavuka mto, magurudumu yakiwa yamelala ndani pamoja na mke wangu, kisha tukayarudisha na kuingia bondeni. Tulivuta bega kwa bega, siku nane. Penye matope mmoja alisukuma. Penye nyasi ndefu tulizilaza kwa miguu. Mara ya kwanza tulipopumzika hatukujua la kusemezana. Siku ya nne Mkopi akaniambia mimi navuta kama mke wa pili, nusu nusu, na mke wangu akacheka ndani ya mtumbwi wake. Hapo nikajua tumepona, hata kama mguu bado.

Kwenye yale mawe matatu tulilisukuma gari mpaka karibu kabisa, kisha tukamshusha. Alikaa chini, akaweka kiganja juu ya udongo, akang'oa nyasi moja moja, kama mama anavyomtoa mtoto takataka kichwani. Hakutaka tumsaidie. Tukakaa pembeni mpaka alipomaliza. Kisha akaomba chakula, yeye ambaye kwa wiki nzima tulikuwa tukimbembeleza uji, akala. Akasema, "Twendeni."

Bruda alisema tungechelewa siku chache zaidi, damu yote ingeharibika. Alikata nyama mbovu, akasafisha, akafunga, siku baada ya siku. Miezi mitatu tulikaa misheni, na hapo ndipo mimi na mke wangu tulipojifunza sala na kubatizwa. Ashukuriwe Mungu, aliyeniweka uso matopeni ili nione nani yuko nyuma yangu. Sina cha kujisifia. Nawaambia wenye watu wasiosemezana nao: Wagombanao ndio wapatanao, usingoje mmoja afe. Mwamini Mungu, umwache mwenzio amalize kusema. Pengine analo jambo ambalo umelililia usiku na mchana.

Limebaki moja, na ndilo lililonisimamisha. Shemeji yangu Mkopi, ambaye sasa anakaa kwetu, hutusindikiza mpaka hapa kila Jumapili, lakini haingii. Hukaa nje ya ukuta huo wa matete, na sasa yuko hapo, ananisikia. Katekista akimwambia habari za ubatizo, hujibu jambo moja: "Mimi niliwaambia watu kwamba maji yatawaokoa. Siwezi kusimama tena mbele ya maji."

Shemeji, nisikilize. Maji haya hayamkingi mtu na risasi, na hakuna hapa atakayekwambia hivyo. Ni ya mtu aliyekosa na amechoka kubeba. Na mtoto wetu hakufa kwa kiu. Alikunywa mkononi mwako, wa mwisho kumpa kitu duniani ulikuwa wewe, na mimi baba yake nakushukuru mbele ya watu hawa wote. Ingia. Mkekani pana nafasi.

Ndugu zangu, ninyi mliokaa njiani hapo, sogeeni kidogo. Dada yake ameinuka anamfuata. Anachechemea, lakini anakwenda mwenyewe. Mwacheni apite.