Msimamizi wa Jua na Michembe ya Mama Melania

Na Justina Mageni, muuguzi

Baada ya kuitumikia Zahanati ya Bulyangongo kwa miaka ishirini na sita, Bwana Tarsisi Nkwabi anastaafu tarehe 30 Juni, 1988. Alianza mwaka 1962 akiwa mfagizi, akawa mgawa dawa, akawa fundi wa kila kinachovunjika, na kwa miaka mitano hii ya mwisho amekuwa, kwa maneno yake mwenyewe, msimamizi wa jua.

Wanaomfahamu hawatashangaa. Baba Melania, kama tunavyomwita, hajawahi kufanya kazi ndogo. Akipaka chokaa ukuta mmoja, Ushirombo nzima itapata habari.

Lakini kuna kitu ambacho hakukifanyia mzaha hata siku moja: friji ya chanjo. Zamani ilitumia mafuta ya taa, na mwaka 1981 mafuta yaliadimika kabisa. Friji ikazimika, chanjo zikaharibika, kisha surua ikapiga hodi. Miongoni mwa watoto tuliowazika alikuwamo mtoto wa dada yake. Kwa hiyo mwaka 1983, vioo vya umeme wa jua vilipoletwa na kusimikwa nyuma ya zahanati, upande wa nyumba yake, alivipokea kama mkwe aliyeleta ng'ombe. Akatangaza kwamba jua sasa limeajiriwa, na mkubwa wake wa kazi ni yeye. Wachimbaji wa dhahabu waliotoka Rwamgasa wakaja kuomba kupozewa bia, akawafukuza. Katekista Donatus aliomba apozewe soda moja tu ya Pasaka, naye akaambulia hotuba.

Basi, kiangazi kile kile friji ikaanza kupata joto. Jua linawaka, betri hoi! Dozi za surua zikamwagwa. Mratibu wa chanjo akaja kutoka Shinyanga, akasema wazi kwamba ikitokea tena, vioo vitahamishiwa zahanati nyingine. Tarsisi alikonda. Alishuku mbuzi, akashuku wachimbaji, akamshuku hata Donatus kwa sababu ya ile soda. Mwishowe akaitisha mkutano, akaapa mbele ya watu kwamba atakayebainika kuchezea vioo, awe nani, atachinja mbuzi na kulisha kijiji. Ulimi uliponza kichwa.

Wiki hiyo hiyo alipanda baiskeli kwenda kuchanja watoto vijijini. Mnyororo ukakatika kabla hajafika mbali, akarudi akiikokota. Akakuta vioo vyote vimefunikwa vipande vya viazi vitamu vilivyoanikwa vikauke kuwa michembe, na mkewe, Mama Melania, akivigeuza taratibu. Bila wasiwasi, Mama alimweleza kwamba kule mwambani anakoanika siku zote mbuzi hula nusu na nusu nyingine hujaa mchanga. Hapa ni safi, pana joto, na huwa anaondoa kila kitu kabla mume hajarudi. Akamkumbusha pia kwamba ni yeye mwenyewe, asubuhi ile ile, aliyemaliza bakuli zima la michembe kwa karanga huku akisifu kwamba mwaka huu haina mchanga hata chembe.

Jamani! Tarsisi wetu aliiachia baiskeli ianguke, akaanza kuikusanya michembe kwa kofia yake. Ndipo alipotambua kwamba kwa majigambo yote yale aliwakataza watu kugusa, asiwaambie kwa nini. Alipomweleza mkewe kwamba kivuli cha michembe ndicho kilichoharibu dozi zile, Mama Melania alikaa chini akalia. Yule mtoto wa wifi yake, tuliyemzika kwa surua, Mama ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni.

Jumapili beberu wa Tarsisi mwenyewe alichinjwa. Kijiji kilikula, kikacheka, kikaomba kuongezwa mchuzi. Halafu akaweka kofia yake juu ya kioo, watu wote wakaona mshale wa mita ya kupimia umeme ukianguka. Akajenga uchanja mrefu kando ya vioo, na michembe ya kijiji ikahamia pale. Tangu hapo wanawake wakija kugeuza michembe yao hufukuza mbuzi na kupangusa vumbi kwenye vioo, na watoto waliowabeba huchanjwa papo hapo. Friji haijapata joto tena, wala hatujazika tena mtoto kwa surua.

Wabeja sana, yaani asante sana, Baba Melania. Tutakukumbuka, na kelele zako pia. Wenzako tumechanga tukakununulia kioo kidogo cha jua, cha kuwashia redio na taa nyumbani. Uishi miaka mingi, ule ushibe, na jua lizidi kukutii. Mama Melania amekwisha kukipima kioo hicho kwa viganja, akatuhakikishia kwamba ni kidogo mno, hakitoshi hata kiazi kimoja. Kwa hiyo staafu kwa amani.