Kalondu Nyamai, Aliyekataa Kumuua Mbuvi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Kalondu Nyamai, mama wa Zombe aliyetuandikia mchezo wa Alhamisi jioni. Tulimzika Jumamosi. Ndiye aliyemtunga Mbuvi, na najua jina hilo likitajwa, baadhi yenu bado mnasaga meno.

Kwa mgeni wetu ambaye hakuwahi kumsikia, Mbuvi ni mtu wa kutungwa. Anachimba mchanga wa mto na kuwauzia wenye malori ya barabara ya Mombasa. Mchanga ukaisha, maji yakazama, visima vya mtoni vikakauka. Mkamchukia, na haki yenu. Lakini jamani, mlimchukia hata Mutiso, mwigizaji wa watu, aliyemtolea sauti tu. Kule Kyuso alinyimwa chai hotelini akaambiwa anywe mchanga.

Kisha Kalondu akawaudhi zaidi. Alhamisi moja mkamsikia Mbuvi akiswaga punda alfajiri, akipeleka maji kwa mjane ambaye kisima chake alikikausha yeye mwenyewe. Akaiacha mitungi mlangoni, akaondoka bila kubisha. Kulipokucha akarudi mtoni na sepeto yake, kuchimba kama kawaida.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Simu zikalia hapa stesheni: huyu mtu ni mbaya au ni mzuri? Wazee wa kanisa nao wakaja. Walitaka Mbuvi aokoke, au apigwe na radi. Mojawapo.

Waringa, aliyekuwa mkuu wa vipindi, akamwita Kalondu hapa mjini Wote. Akamwambia, "Mama, wadhamini wanataka kujitoa. Si umuue tu? Lori limwangukie, yaishe."

Kalondu alikuwa ametoka shambani kupalilia ndengu, udongo bado uko kwenye viatu. Akajibu polepole. "Nikimuua Mbuvi, kila anayefanana naye atalala usingizi mnono. Nikimwokoa, vilevile. Wacha akae nasi."

"Basi mchezo tunauondoa."

"Uondoe. Mimi nitarudi kupalilia. Lakini Mbuvi simgusi."

Ukaondolewa kweli, msimu mzima wa mvua. Na ni nani waliopiga simu kuulizia Mbuvi amepotelea wapi? Ni nyinyi nyinyi mliotaka afe. Waringa akasalimu amri, mchezo ukarudi.

Lakini wasikilizaji, gharama yenyewe hamkuijua. Kalondu alikuwa na kaka, Muindi, wa tumbo moja. Mashamba yao yanapakana. Na Muindi anachimba mchanga, pale pale Zombe. Mchezo ulipovuma, watu sokoni wakaanza kumwita Mbuvi. Akaacha kumsalimu dada yake. Damu ni nzito kuliko maji, lakini hawa wawili walikaa miaka wakiangaliana juu ya ua bila neno.

Kathini, binti ya Kalondu, aliniambia hivi: "Mama alikuwa akiandika huku analia. Nikamwambia, mama, si ubadilishe, useme Mbuvi anachoma makaa? Akasema, nikibadilisha nitakuwa nimemwambia mjomba wako uongo."

Kalondu alipougua, alituma watu wamwite Muindi. Hakuja. Akatuma tena. Hakuja. Kalondu akaaga dunia bila kumwona kaka yake, na hilo linauma mpaka sasa.

Siku ya mazishi Muindi alikuja. Alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Familia ilipoitwa kusema, akapita katikati ya watu akashika kipaza sauti. Kisha akasema:

"Kila Alhamisi nilikuwa nasikiliza. Nilikuwa nangojea aniue. Ile mitungi ya maji ni ya kweli. Nilikuwa nampelekea mama Kavata, alfajiri, na hata mke wangu sikumwambia. Nilifikiri dada yangu aliona sepeto peke yake. Kumbe aliniona mzima."

Mama Kavata, mjane mwenyewe, alikuwa ameketi kiti cha mbele. Aliinamisha kichwa. Hakupiga makofi, na hakumlaani.

Kwako Kathini, na kwa ukoo wote wa Nyamai, poleni sana. Mama yenu alituheshimu. Hakututafunia chakula kama watoto. Kwako Muindi, pole, kaka. Najua unasikiliza.

Na nyinyi wapendwa, tangu Jumamosi mmenipigia simu mkiuliza kama Muindi ameacha kuchimba mchanga. Niliuliza watu wa Zombe. Jana asubuhi alikuwa mtoni na sepeto yake. Na kabla ya hapo, alfajiri, mama Kavata alipofungua mlango, alikuta mitungi imejaa, na Muindi amesimama kando yake. Safari hii alibisha hodi.

Mnataka niwaambie ni mtu mbaya au mzuri. Kalondu Nyamai alikataa kuwaamulia, na mimi siamui. Kaeni naye.