Kibao Chekundu

Nawasalimu nyote, wa msikiti na wa kanisa, maana hapa tumeletwa na msiba. Mimi si msemaji. Nauza sapatu za plastiki sokoni Kikuubo, na kuogelea sijui hadi leo.

Aliyejua ni binti yangu. Alijifunza katika klabu moja upande wa Kyambogo. Pale hakuna wa mshahara, wazazi ndio hujitolea. Kwa kuwa sikusoma sana, nilipewa vibao. Katika mbio ndefu mwogeleaji hawezi kuhesabu huku anahema. Basi unapiga magoti ukingoni anapogeukia na kutumbukiza kibao cha namba majini, aone amebakiza kuvuka bwawa mara ngapi. Ikibaki mara moja tu, unaweka chekundu. Akikiona, anatoa nguvu zote. Binti yangu alikuwa akinitania, "Baba, ukichelewesha chekundu nitakunyima chai." Sikuwahi kuchelewesha.

Kisha akaugua. Ndugu zangu, nawaambia, ugonjwa sitaueleza, kila mmoja hapa ana wake. Hata alipoacha kula, mimi nilimwambia ajikaze, ajikaze. Tukamzika. Nikaacha klabu. Taulo lake lilibaki na harufu ya dawa ya bwawa. Mke wangu alipotaka kulifua, tuligombana kama watoto.

Siku moja mama mmoja wa klabu, mwenye mdomo wake, akaja dukani akijifanya ananunua sapatu. Akasema wana mashindano, na waliyemweka kwenye vibao anawachanganya waogeleaji. Nikamjibu kwamba sitaweza.

"Basi njoo ushindwe mbele yetu, ssebo," akasema. "Hapa unashindwa peke yako."

Nikaenda. Nikapewa msichana nisiyemjua. Lakini ndani ya maji, na kofia kichwani, wasichana wote ni mmoja. Kila mkono ulipotoka majini nilimwona wangu. Ilipofika zamu ya chekundu, nilikishika, nikashindwa kukitumbukiza. Nilijua atamaliza, atavua kofia, na sura itakuwa ya mtu mwingine. Nikaacha namba ileile.

Akafika mwisho, upande wa pili, akagusa ukuta, akageuka, akarudi kwangu huku wenzake wanatoka majini. Watu wakacheka. Nikatia mkono majini, akaushika, akainua miwani.

"Mzee, zimebaki ngapi?"

"Zilikwisha, mwanangu. Sikutaka ziishe."

Hakunikasirikia. Alisema tu, "Lakini mimi nilikuwa nimechoka."

Ndugu zangu, nilikaa chini palepale kwenye maji yaliyomwagika. Wangu pia alikuwa amechoka. Alijaribu kuniambia, nami nikamwambia ajikaze. Siku hiyo ndipo nilipomlilia vizuri, mbele za watu, na yule mama mwenye mdomo akanishika bega.

Muda wa msichana ulihesabiwa pale alipogusa ukuta, kwa hiyo alichopoteza ni pumzi tu. Namshukuru yeye na wazazi wake, hawakuninung'unikia. Namshukuru yule mama. Namshukuru mke wangu, aliyeomboleza na mimi huku nikimfanya mgomvi.

Ninachoweza kuwaambia ni hiki: ukiwa na hamu na aliyekwenda, nenda mahali alipopapenda, ushike kazi ya pale. Hamu haitaisha. Yangu haijaisha. Nilirudi kwenye vibao, na kila Jumamosi, mwogeleaji akifika ukutani na kabla hajavua kofia, kuna kitambo kidogo ambapo sijui ni nani. Kitambo hicho ni changu. Halafu kofia inavuliwa, nami nampigia makofi huyo aliyetoka.