Vibali Vinne vya Watu wa Ng'ambo

Yesu apewe sifa, ndugu zangu! Mnivumilie, maana ushuhuda wangu hauna malaika wala maono. Una tumbaku, karatasi, na hasira ya mwanamke mmoja, ndiye mimi, Mama Kulwa wa hapa Usinge.

Kijiji chetu cha Ujamaa kilikuwa bado kipya. Mume wangu alianguka kutoka paa la bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku, akavunjika nyonga. Mwaka huo huo mvua ikanyesha vizuri, majani yakaiva yote kwa mpigo. Jani la tumbaku halimngoji mtu! Usipolichuma leo, kesho linaungua shambani. Na majirani walikuwa na yao.

Nikasikia kwamba Kigoma kuna watu wa ng'ambo ya ziwa, wanaovuka kila msimu kutafuta kibarua. Nikapanda treni, nikawapata wanne. Mkubwa wao aliitwa Asumani, mtu mzima mwenye mvi. Walikuwa tayari kuondoka siku hiyo hiyo. Ofisi za kutoa vibali vya kazi ndizo hazikuwa tayari! Ya kwanza wakanituma ya pili. Ya pili wakataka barua ya mwenyekiti wa kijiji. Nikarudi Usinge, mwenyekiti kaenda semina Tabora. Nikamfuata huko huko Tabora. Akaniuliza, "Mama Kulwa, kuajiri watu si unyonyaji huo?"

Nikamjibu, "Basi njoo uchume wewe."

Akaandika. Kufika Kigoma tena, karani ananitazama usoni, ananiambia, "Mama, wino wa muhuri umekwisha." Umekwisha! Nikakaa kwenye benchi la ofisi siku mbili, nimenuna, namuuliza Mungu kama na yeye ana karani.

Nilipovipata vile vibali vinne, nikaapa havitatoka mkononi mwangu. Nyumbani nikavifungia sandukuni, wasije wakahamia kwa mkulima mwingine baada ya taabu yangu yote. Nasema kweli mbele za Mungu: niliwafanya wafungwa. Nikawalaza kwenye banda la kuni. Wakipumzika, nafoka. Wakiimba, nafoka.

Wiki ya tatu Asumani alichomwa na kijiti, mkono ukavimba hadi kwenye kiwiko. Akaja asubuhi ameushika.

"Mama, mukono iko inaniuma sana. Unipe karatasi yangu niende kwa munganga."

"Nikikupa karatasi hurudi," nikasema. "Utapona. Nenda shambani."

Hakubishana. Akaifuata reli kwa miguu, bila kibali. Mchana habari ikaja: mgambo wamemkamata, yuko kituo cha polisi.

Wenzake watatu wakaweka vikapu chini, wakakaa mbele ya mlango wangu. Nikawapigia kelele mpaka sauti ikakauka. Hawakuinuka. Jua linawaka, majani yanageuka kahawia! Nikaingia ndani kumlalamikia mume wangu: karani, mwenyekiti, hawa wavivu, na Mungu pia. Alinisikiliza akiwa amelala mkekani. Kisha akasema taratibu, "Babu yako alikuwa mpagazi wa misafara. Umenihadithia mwenyewe alivyougua njiani huko Ugogo, tajiri wake akamwacha, watu asiowajua wakamuuguza. Sasa wewe, mke wangu, uko upande gani?"

Ndugu zangu, mjukuu wa yule mpagazi ndiye mimi. Mimi! Nikapiga magoti pale pale. Sikuomba vizuri. Nilisema tu, "Bwana, nimechoka kukasirika. Niondolee." Nikalia kama mtoto. Kisha nikafungua sanduku, nikawapa wale watatu vibali vyao, kila mtu chake mkononi. Cha nne nikakimbia nacho kituoni.

Asumani alikuwa sakafuni, anatetemeka kwa homa.

"Huyu mzururaji ni wako?" askari akauliza.

"Si mzururaji, afande. Kibali chake hiki hapa. Nilimnyima mimi."

"Unajua naweza kukuweka ndani?"

"Niweke. Ila yeye apelekwe kwa mganga kwanza."

Askari akaguna, akasema, "Mpeleke wewe mwenyewe, tena upesi."

Zahanati wakampasua jipu. Mganga akaniambia tungechelewa kidogo, mkono ungekatwa. Nikamuuguza siku nne. Homa iliposhuka nikamwambia, "Nisamehe, baba."

Akautazama mkono wake. "Nimekusamehe, Mama. Lakini ile banda yako ya kuni inavuja."

Tuliporudi, nusu ya tumbaku ilikuwa imeungua. Wawili walikuwa shambani wanachuma bila kuamriwa na mtu. Wa tatu alikuwa amehamia kwa mkulima mwingine, na kibali chake mfukoni, kama nilivyoogopa! Ndugu zangu, nikaitafuta ile hasira yangu. Nikaitafuta kweli. Sikuiona. Nikaanza kuhamisha kuni ili nitengeneze lile paa la banda.

Namshukuru Mungu aliyenifungua, mimi niliyedhani waliofungwa ni wengine. Nawe unayenisikia, uliyechoka kugomba tangu asubuhi hadi jioni, usingoje upate maneno mazuri ya sala. Mwendee Yesu na hayo mabaya uliyo nayo. Mimi nilimwendea nayo, akanipokea.