Mwalimu Aliyegeuka Kutoka Ubaoni

Marehemu baba yetu, ambaye wengi mlimwita Mzee Fomu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tano wa fundi cherehani. Shangazi anasema alianza kuuliza maswali kabla ya kutembea. Tunamwamini shangazi, ingawa hutia chumvi.

Aliingia shule ya msingi mwaka 1958, akamaliza chuo kikuu 1976 na kubaki hapo hapo kufundisha takwimu. Tarehe 6 Desemba 1980 alimwoa mama yetu, mkutubi, baada ya kuazima kitabu kimoja mara tisa.

Mwaka 1994 alikabidhiwa kitengo cha ubora wa ufundishaji. Akatunga fomu ili wanafunzi wawapime wahadhiri. Wahadhiri wakaja juu. "Mtoto ampime mzazi? Basi aanze yeye!" walisema kikaoni. Angekataa, fomu zingeishia kwenye pipa. Akaanza yeye. Akapata mbili kati ya tano, na mwanafunzi mmoja akaandika: "Mwalimu anajua sana, ila anaufundisha ubao. Sisi tunaona kisogo tu."

Baba aliumia. Mama anasema siku hiyo hakula. Kesho yake alirudi kikaoni akaisoma fomu ile kwa sauti, neno kwa neno. Kicheko kilipoisha, mhadhiri aliyempinga kuliko wote akasema, "Haya, na mimi nileteeni zangu." Kazi ikaanza. Baba aliibandika fomu mlangoni mwa ofisi, akajizoeza kuandika mstari mmoja, kugeuka, na kuuliza, "Nani hajanielewa?" Hata akituagiza dukani aliuliza hivyo. Mwaka uliofuata alipata tatu na nusu, akatembea kama bwana harusi.

Alistaafu 2016. Figo zilianza kumsumbua Februari 2023. Wodini alimwandikia muuguzi fomu ya kutathmini chai. Wiki ya mwisho alitugawia na sisi: "Nipimeni kama baba. Msiandike majina." Tulimpa tano, tukapunguza moja kwa kukoroma. Penye swali "Nini kibadilike?" mmoja wetu aliandika, "Asiondoke." Alilisoma, akasema, "Hilo kitengo hakina uwezo nalo." Tukacheka, tukalia.

Alifariki Jumanne, 11 Juni 2024, saa mbili asubuhi, amegeukia upande wetu.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, na wahadhiri wengi wanaotazama darasa.

Baba, tumekuelewa. Upumzike kwa amani.