Maelezo ya Mwisho ya Mwalimu Thora

Wasikilizaji wapendwa wa Kessock na mashamba yote jirani, mimineni kahawa, tukae pamoja kidogo. Mwalimu Thora Lindgren hatunaye tena. Alitutoka Jumanne, akiwa na miaka sabini na minane. Ndiye aliyetunza makumbusho yetu madogo, pale kwenye stesheni ya zamani ya treni.

Alizaliwa Toronto, jiji kubwa la mbali. Nasema hilo mapema kwa sababu hapa Saskatchewan, kwetu mashambani, hatukumwacha alisahau kamwe hilo. Alikuja angali msichana, akafundisha watoto wetu miaka thelathini na mmoja, akamzika mumewe hapa, na bado tukamwita mgeni. Mimi nikiwa wa kwanza, na leo naona haya.

Miaka sita iliyopita halmashauri ya mji ilikata shauri: makumbusho yasipopata wageni mia tano kabla ya theluji ya kwanza, jengo linabomolewa. Wageni mia tano, jamani. Mwaka uliotangulia walikuja arobaini na watatu, na nusu yao walikuwa wanatafuta choo.

Binti yake, Annika, anakumbuka: "Mama hakulia. Aliniambia tu, hebu nifundishe hiyo simu."

Basi akaanza kuweka picha mtandaoni. Kila Jumatatu kitu kimoja cha makumbusho, na maelezo yake chini. Wiki tatu, kimya. Wiki ya nne akaweka mashine ya chuma yenye mkono wa kuzungusha, akaandika: "Kinu cha kahawa."

Lo, kwa mtu aliyekulia kwenye ng'ombe wa maziwa, hilo ni tusi. Ile ni mashine ya kutenganisha krimu na maziwa. Kufika saa sita mchana, maoni mia mbili. Mzee Orest Hrycak, ambaye hata kadi ya Krismasi hajapata kuandika, aliandika: "Mwalimu, unatuaibisha. Visahani vya ndani ya kitu hicho nimeviosha kila asubuhi miaka tisa. Shuleni nilikuwa nanuka maziwa yaliyochacha." Kisha akawasha pikapu, kilomita sabini, aje amwonyeshe mwenyewe. Wengine wakafuata.

Lile lilikuwa kosa la kweli. Yaliyofuata hayakuwa makosa. Mwalimu alishatujua: sisi hatuji kutazama, tunakuja kusahihisha. Kila Jumatatu akaweka kitu na maelezo ya uongo. Kila Ijumaa akaandika ukweli, pamoja na jina la aliyemsahihisha.

Diwani mmoja akamjia juu. "Mwalimu mzima, unadanganya watu?"

"Na wewe si umeendesha gari asubuhi yote kuja kuniambia lile chanuo ni la farasi, si la bibi harusi? Weka saini kwenye kitabu cha wageni, ukae unywe kahawa."

Akaweka saini. Alikuwa wa mia nne na kumi na mbili.

Theluji ilianguka tarehe ishirini Oktoba. Kitabu kilikuwa na majina mia sita na manne. Stesheni ipo hadi leo.

Jumatatu wiki hii, akiwa hospitali, alimwomba Annika aweke picha moja zaidi. Ni picha yake mwenyewe, amevaa aproni, mbele ya stesheni. Maelezo alimtajia neno kwa neno: "Thora Lindgren. Mzaliwa wa Kessock."

"Nikamwambia, Mama, hawa watu watakurarua," anasema Annika. "Akasema, ngoja tuone. Kutwa nzima akawa ananiuliza, wameandika nini?"

Wasikilizaji, mnajua kilichoandikwa, maana mlioandika ni ninyi. Salamu, maombi, picha za darasa lake. Hakuna hata mmoja aliyemsahihisha. Mzee Orest aliandika maneno matatu: "Kweli kabisa. Nilikuwepo." Annika alimsomea mara mbili.

Pole sana, Annika. Poleni ukoo wote wa Lindgren. Nasi tuliobaki, kila mmoja ajiulize ni nani bado anamwita mgeni, na tangu lini.

Leo ni Ijumaa, siku ya kuandika ukweli. Annika amenipigia asubuhi kuniuliza chini ya ile picha aandike nini. Nimemwambia asiguse kitu. Maelezo yako sawa.