Faili la Bibi Halifunguki

Benchi lenyewe lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali. Limeegemea ukuta wa duka la uchapaji, chini kabisa ya dirisha, kiasi kwamba mwenye duka akivuta meza yake kidogo anaweza kufanya kazi za watu huku akibishana. Mwenye duka ni Wino. Jina la kuzaliwa analo, ila vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa miaka ishirini na mitatu na watu wakachoka kutafuta jingine. Kulia hukaa Mzee Rufaa, karani mstaafu wa mahakama, ambaye hajawahi kukubali uamuzi wa jambo lolote, hata mvua ikinyesha. Kushoto hukaa Daktari, ambaye hajatibu mtu hata mmoja, anatibu simu. Mama Birika anauza kahawa na hakai kabisa, maana anasema akikaa na wale watu wawili atazoea. Siku nyingine mazungumzo huanza na siasa. Siku ile yalianza na kofi, na aliyepigwa ni kompyuta.

– Imekukosea nini? aliuliza Mama Birika, akimimina.

– Haifungui! alifoka Wino. – Tangu saa moja asubuhi haifungui! Faili la mama yangu mzazi linagoma kufunguka kwenye duka langu mwenyewe!

Mama yake Wino alifariki juzi, na maziko yalikuwa kesho saa nne. Marehemu alikuwa mtu wa kupanga mambo yake. Aliacha neno moja kwa watoto wake, nalo halikuwa na mjadala: kitabu cha maziko yangu akichore mjukuu wangu, akichape mwanangu. Mjukuu ni binti yake Wino. Mwana ni Wino. Na hao wawili walikuwa na miezi minane hawajasemeshana. Jana walipishana mlangoni kwa marehemu, kila mmoja akaangalia viatu vyake. Kazi ilipokwisha kuchorwa, binti hakuileta mwenyewe; flashi ililetwa na shangazi yake, imefungwa ndani ya leso.

– Inasemaje ikikataa? aliuliza Daktari.

– Inasema faili limetengenezwa na toleo jipya kuliko nililonalo. Ati nitafute toleo jipya. Kwa mashine hii? Hilo toleo jipya halikai hapa, na yeye anajua halikai! Yuko na ile kompyuta ya aina nyingine, nyembamba kama sinia, basi anaona dunia nzima ina sinia.

– Ngoja, alisema Daktari, akasogeza shingo dirishani. – Hilo ni jambo dogo. Kila faili lina mkia, zile herufi za mwisho baada ya nukta. Mkia ndio unaolisaliti. Futa mkia wake, weka mkia wa programu yako. Programu itadhani ni mwanawe.

– Kabisa, alidakia Mzee Rufaa. – Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

– Hiyo methali imeingiaje hapo? aliuliza Mama Birika.

– Imeingia kwa mlango. Wewe mimina.

Wino alibadilisha mkia. Alibofya kwa kidole cha hasira, na kweli ukurasa ukafunguka: vijisanduku, alama za kuuliza, vijisanduku tena, mpaka chini. Hakukuwa na jina la mama yake hata mahali pamoja.

– Ndiyo lugha yao hiyo, alisema Mzee Rufaa kwa utulivu.

– Umekata mkia wa mbuzi ukitegemea awe kondoo, alisema Mama Birika.

– Jamani, nieleweni! Wino alipiga meza. – Programu hii niliinunua. Sikuiba, sikuazima. Miaka kumi na miwili imenichapia kadi za harusi, vyeti vya shule, mabango ya wagombea wanaotukanana, yote. Sasa nani aliyebadilisha kufuli mimi nikiwa ndani ya nyumba?

Swali hilo lilikuwa la uchungu kweli, na pengine lilistahili jibu la uchungu, lakini kwenye benchi lile swali ni sawa na mfupa: ukishaanguka, kila mtu anaugombania.

– Nitakwambia ni nani, alianza Mzee Rufaa, akaweka kikombe chini kwa namna ya mtu anayefungua jalada. – Hawa wenye kampuni wana kikao. Mara moja kila mwaka. Wanakaa, wanapitisha orodha: mwaka huu tunawafungia akina nani? Halafu wanaandika toleo jipya. Hakuna kipya ndani. Kipya ni kufuli tu.

– Hilo nakubali, alisema Daktari, – lakini mzee hujafika kiini. Mimi nafungua vifaa kila siku. Zile kompyuta nyingine zinaandika kwa kuanzia upande mwingine. Ni kama mtu wa mkono wa kushoto. Faili likija kwetu linafika limegeuka. Ukiligeuza...

– Utaligeuzaje, ulipindue benchi?

– ...mimi nasema kitaalamu, Mama Birika.

– Na mimi nasema, alipandisha sauti Mzee Rufaa, – faili lenyewe linaona. Linapofika linachungulia kwanza. Likiona kioo kina ufa na kibodi haina herufi M, linasema, hapa si kwetu. Linatupima! Mgeni njoo, mwenyeji apone, si ndiyo? Huyu mgeni amekuja mwenyeji afe!

Wino hakucheka. Aliangalia saa ya ukutani. Nakala mia mbili, kurasa nane kila moja, kukunja, kubana pini. Printa yake ni mzee mwenzake. Ikianza saa sita, itamaliza usiku ikipumua kwa shida. Asipochapa, kesho watu watasimama kaburini na karatasi za kuandikwa kwa kalamu, na mama yake atakuwa ameomba kitu kimoja tu na kukikosa.

– Si uchore mwenyewe? aliuliza Daktari. – Andika jina, tarehe, ratiba, kwisha.

– Hakusema nichore mimi! Wino alisema, na sauti ikampasuka katikati. – Alisema nichape.

Mama Birika alimwongezea kahawa bila kuambiwa. Halafu aliona kitu kwenye kioo cha kompyuta.

– Na humo kwenye flashi kuna vitu viwili. Hiki kimoja kimeandikwa RATIBA YA BIBI. Hicho kingine?

Cha pili kiliitwa KWA BABA. Wino alikuwa amekiona tangu saa moja na kukiruka.

– Hiyo ni barua. Sisomi barua. Alinivunjia heshima hapa hapa, mbele ya watu, akiwa amesimama hapo hapo uliposimama. Ati, “Baba, kompyuta hii ikifa utakufa nayo.” Mashine iliyomlipia ada! Sasa ameandika yale yale kwa maandishi, nije niyasome nikiwa na msiba.

– Alikosa adabu, alisema Mzee Rufaa. – Na mimi nilisema siku ile. Samaki mkunje angali mbichi.

Mama Birika aliweka birika chini kwa kishindo. Hilo hakuwahi kulifanya.

– Ninyi! Ninyi ndio mliomfukuza yule mtoto! Baba yake alisema toka kwa hasira ya dakika moja, na dakika ya pili angemwita. Nilimwona anataka kumwita. Mkampigia makofi! Huyu na samaki wake, na huyu daktari wa nyaya anasema safi sana, safi sana. Mtu akishapigiwa makofi atarudi nyuma vipi? Samaki gani mwenye miaka ishirini na saba?

Mzee Rufaa alifungua kinywa kukata rufaa, akakosa kifungu. Daktari aliona afadhali arudi kwenye sayansi.

– Nimepata, alisema haraka. – Tarehe! Programu inalikataa faili kwa sababu faili ni jipya kuliko yenyewe. Sasa isogeze saa ya kompyuta mbele miaka kumi. Faili la jana litakuwa kuukuu. Programu zee haiwezi kukataa kitu kikuukuu.

Wakaangaliana. Ubaya wa wazo lile ni kwamba lilisikika vizuri. Wino, ambaye kwa siku ya kawaida angemfukuza Daktari na kikombe chake, aliisogeza tarehe miaka kumi mbele. Akafungua programu. Programu haikufunguka. Badala yake kikatokea kisanduku chekundu: muda wa leseni yako umekwisha.

– Umeiua! alinguruma Wino, akasimama hata kiti kikaanguka. – Ilikuwa haifungui faili moja, sasa haifungui chochote! Umeniulia duka, Daktari! Mama yangu hajazikwa, na wewe umeniulia duka!

– Imezeeka ghafla, alinong’ona Mzee Rufaa. – Maskini.

– Irudishe basi, alisema Mama Birika. – Si mmeipeleka wenyewe? Irudisheni.

Wakairudisha tarehe. Wino akakosea mwezi mara mbili. Programu ikafunguka kwa mwendo wake wa siku zote. Akakaa chini, jasho likimtoka, na hasira ikiwa bado nzima. Ilikosa tu mahali pa kutua.

Wakati wote huo mwanamke mmoja mgeni alikuwa amesimama kando ya dirisha, amevaa viatu vyeupe vya wauguzi, ameshika cheti cha kuzaliwa ndani ya mfuko wa nailoni. Alitaka kivuli cha cheti, nakala moja tu. Alikuwa amesema hodi mara tatu, na mara zote tatu hodi yake ilimezwa na ubishi.

– Samahanini, alisema. – Poleni na msiba. Naomba kuuliza kitu kidogo.

– Uliza, mwanangu, alisema Mzee Rufaa, akijiandaa kujibu.

– Hicho cha KWA BABA. Mlijuaje kwamba ni barua?

Mzee Rufaa aliangalia ndani ya kikombe. Daktari alianza kusema kitu kuhusu mkia wa jina, akaacha. Wino alitaka kusema kwamba anamjua mwanawe, kisha akakumbuka kwamba kwa miezi minane hajui hata anakula wapi mchana.

Akabofya.

Programu haikusema toleo jipya wala toleo la zamani. Ilifungua tu. Mama yake akatokea kwenye kioo akicheka, kiganja mdomoni, kama alivyokuwa akificha pengo lake. Amekaa kwenye kiti cha duka hili hili, mbele ya kompyuta hii hii. Ni picha ambayo Wino hakujua hata kama iliwahi kupigwa. Chini yake jina lake lote, tarehe zake mbili, na ratiba ya kesho, kurasa nane zimetimia. Ilikuwa kazi ile ile, ila imehifadhiwa kwa toleo la miaka kumi na miwili iliyopita.

Wino alisogeza uso karibu. Jicho la mchapaji halitulii hata likiwa na machozi. Herufi zilikuwa za aina mbili, na zote mbili zilikuwa miongoni mwa zile nne tu ambazo mashine yake haizivurugi. Kurasa zilikuwa na ukubwa wa karatasi anayonunua yeye, si nyingine. Na kila ukurasa ulikuwa na nafasi pana upande wa kushoto, pana kupita kawaida. Mtu mwingine angesema mchoraji amekosea. Printa ya Wino hula ukingo wa kushoto. Imekuwa ikiula tangu binti yake akiwa darasa la sita, na watu wanaolijua hilo duniani ni wawili.

– Nilisema, alianza Mzee Rufaa.

– Nyamaza! alisema Wino. – Nyamazeni wote!

Printa ikakohoa, ikatoa nakala ya kwanza. Wino aliishika kwa ncha za vidole. Ukingo wa kushoto ulikuwa mzima. Alichukua na cheti cha yule muuguzi, akakitolea kivuli, akamrudishia. Ndipo Daktari, kwa nia njema kabisa, akanyoosha mkono kubonyeza kitufe cha nakala mia mbili, na Wino akamkamata kifundo.

– Hujui kusoma?

Ukutani, juu ya printa, kulikuwa na kibao kilichokuwepo tangu siku duka lilipofunguliwa: KAZI HAICHAPWI KABLA MCHORAJI HAJATIA SAHIHI NAKALA YA KWANZA. Hakuna aliyewahi kusamehewa sheria hiyo. Mchungaji alirudishwa nayo. Mgombea alirudishwa nayo. Mzee Rufaa aliipinga mara mbili kwa maandishi na akashindwa.

– Lakini mchoraji ni... alisema Daktari.

– Najua mchoraji ni nani!

Wino alivaa koti, akatoka na ile karatasi ikiwa bado ya moto.

– Kwa hiyo unakwenda kumwomba radhi? Mzee Rufaa aliuliza.

– Nakwenda kuchukua sahihi! alipaza sauti, hata watu wa upande wa pili wa barabara wakageuka. – Sahihi! Sheria ni sheria! Na nikirudi nisiwakute kwenye benchi langu!

Akaenda akikaza mwendo, karatasi ameibana kifuani, kuelekea kwa marehemu. Yule muuguzi alichungulia mezani, akaona kitu, akakiokota.

– Jamani, amesahau kalamu. Nimkimbilie?

Mama Birika alitikisa birika. Lilikuwa tupu. Akaanza kukusanya vikombe, cha Mzee Rufaa kwanza, ingawa kilikuwa na kahawa bado.

– Mwache, alisema. – Mtoto wake atakuwa nayo.